Mita ya pikipiki isiyo na skrubu hata moja: nani ameshaifungua na ikarudi kufanya kazi?

#1 Mrithi wa XL
Wakuu, salaam.

Nina Honda XL 185 ya marehemu baba. Alikuwa bwana mifugo, tarafa nzima walimjua kwa mlio wa hiyo pikipiki kabla hajafika. Injini nimeifufua, breki nimefanya, taa zinawaka. Imebaki mita ya spidi.

Nikienda mwendo mmoja tu, kama hamsini hivi, mshale unapiga kati ya 40 na 70 kama mkia wa mbuzi. Asubuhi kioo kimejaa ukungu kwa ndani, mpaka saa nne ndiyo naona namba. Nikisimama kabisa mshale haulali, unabaki kwenye 10.

Sasa hiyo mita haina pa kushika. Nyuma kuna skrubu za kuishikilia kwenye pikipiki tu. Kioo kimebanwa na ringi ya chuma iliyopindwa kwa nyuma kuzunguka mzima mzima. Ni kama walisema "hapa haingii mtu." Fundi wa kwanza kaniambia nitupe nifunge ya Boxer. Sitaki. Zile namba za kilometa humo ndani, 46,812, alizizungusha mzee mwenyewe.

Kuna aliyewahi kufungua ya aina hii?

#2 Kashata Mbili
Nimekaa siti ya mbele nasubiri mafundi.

#3 Kebo Kwanza
Mkuu, weka bisibisi chini. Mita tisa kati ya kumi zinazoletwa kwangu "zimekufa" wala hazijafa, mgonjwa yuko chini.

Fanya hivi. Namba za kilometa zinatembea? Kama mshale na namba vyote vimekufa, tatizo ni kebo au gia ya gurudumu la mbele. Kama mshale unafanya kazi na namba zimesimama, hapo ni vigia vya ndani ya mita. Kama namba zinatembea ila mshale umelala, ni upande wa sumaku na kikombe. Wako wewe mshale unacheza, hiyo ni kebo kavu au imekunjwa mahali. Waya wa ndani unakwama, unajisokota, halafu unajiachia kwa kishindo. Mshale unafuata hicho kishindo.

Chomoa waya wote, ulaze mezani uuviringishe kwa vidole. Ukiuona unarukaruka kama nyoka, umepinda, badilisha. Ukiwa mzima, paka grisi nyepesi urudishe.

#4 Mrithi wa XL
Namba zinatembea vizuri. Na kebo ni mpya, ina miezi miwili. Fundi aliipaka grisi mpaka ikawa inatoka juu.

#5 Kebo Kwanza
Inatoka juu?? Hapo nimeshamwona mchawi. Grisi hupakwa chini na katikati, ile sentimita kumi na tano ya juu unaiacha kavu. Waya unazunguka, kazi yake ni kama ya parafujo, unaipandisha grisi taratibu hadi ndani ya mita. Ikishafika kwenye sumaku imekwisha habari, grisi inashika kikombe na mshale unaburutwa hovyo. Kwa hiyo nafuta nilichosema #3. Wewe itabidi uingie ndani.

#6 Kidato cha Sita
Samahani wakubwa, naomba kuelewa. Mnasema sumaku na kikombe. Kikombe ni cha alumini. Alumini haivutwi na sumaku, hata mtoto wa darasa la tano anajua. Sasa sumaku inausogezaje mshale? Mimi najua kuna gia inausukuma.

#7 Msema Pembeni
Dogo kaja na kalamu nyekundu.

#8 Mwalimu Mstaafu
Kijana yuko sahihi nusu. Alumini haivutwi na sumaku iliyotulia. Sumaku ikizunguka karibu nayo, inazalisha mikondo ya umeme ndani ya alumini, na mikondo hiyo inatengeneza usumaku wake wenyewe. Ndipo kikombe kinaburutwa kufuata sumaku bila vitu hivyo viwili kugusana. Gia hakuna hapo, gia ziko upande wa namba za kilometa tu. Kikombe kimeshikwa na springi nyembamba kama unywele inayokirudisha nyuma. Sumaku ikikaza mwendo kikombe kinavutwa zaidi, springi inakataa, na mshale unasimama pale nguvu mbili zinapokuwa sawa. Hiyo ndiyo spidi unayoisoma. Mjerumani Otto Schulze alisajili uvumbuzi huo mwaka 1902, na mita zenye kebo mpaka leo zinafuata njia hiyo hiyo.

Ukitaka kuona kwa macho, chukua bomba la alumini au la shaba, dondosha ndani kipande cha sumaku yenye nguvu. Kitashuka taratibu kana kwamba humo ndani kuna asali.

#9 Kidato cha Sita
Ahsante mwalimu. Bomba la shaba nalipata wapi sasa 😀

#10 Msema Pembeni
Kwa fundi wa mafriji, ila usimwambie ni la sayansi, atakufukuza.

#11 Saa na Redio, Ngamiani
Naona mnazunguka. Mimi natengeneza saa za mkononi, mita za pikipiki huletwa kwangu kwa kukosa pa kupelekwa. Mleta mada anasema mshale haulali, unabaki 10. Grisi haifanyi hivyo peke yake. Mshale usiolala ni springi iliyochoka au iliyojishika, au kuna mtu alishawahi kuung'oa akaurudisha pasipo pake. Na kucheza kati ya 40 na 70 mara nyingi ni bushi. Ule mhimili wa sumaku unazunguka ndani ya bushi. Ukikaa miaka na vumbi bushi inapanuka, sumaku inayumba. Mara inakaribia kikombe, mara inakaa mbali, na mshale hauna la kufanya ila kuyumba nayo.

Kwa hiyo usitarajie kusafisha grisi tu ukaimba.

#12 Kebo Kwanza
Fundi saa, nakuheshimu, ila bushi ya XL kuisha kwa kilometa 46,000? Zimejengwa kuliko hivyo.

#13 Chuma cha Kale
Nani kawaambia ni 46,000? Mita hiyo ina tarakimu ngapi nyeusi? Kama ni tano, ikifika 99,999 inarudi sifuri. Pikipiki ya bwana mifugo, barabara za vumbi, miaka yote hiyo. Inaweza kuwa 146,812. Inaweza kuwa zaidi.

#14 Mrithi wa XL
Ni tano. Hilo sikuwahi kulifikiria.

Mzee alikuwa na daftari la safari, aliandika kila alikokwenda na kilometa alizoondoka nazo. Mama analo kwenye sanduku. Nitaliangalia.

#15 Nduthi ya Kisumu
Hamjambo watu wa Bongo. Huku kwetu fundi wa jua kali hana mambo mengi, kabla ya kufungua anaitesti na drili. Unang'oa mita yote kutoka kwa pikipiki, unachukua kipande cha waya wa kebo kuukuu, unakikata kama sentimita kumi, upande mmoja unaingia kwa mita, upande mwingine unafungwa kwa drili. Zungusha polepole. Ukiona mshale unatulia, basi shida ni kebo ama gia ya gurudumu. Ukiona bado unacheza, shida iko ndani na hapo una ruhusa ya kupasua.

Lakini angalia upande inazunguka. Zungusha gurudumu la mbele kwa mkono kwanza uone waya unaenda upande gani. Ukizungusha kinyume mshale unajikaza kwa pini ya sifuri.

#16 Mhandisi wa Pembeni
Naongezea #15. Juu ya uso wa mita nyingi kuna namba ndogo ambayo watu hawaioni. Za Kijapani nyingi ni 1400, yaani waya unazunguka mara 1400 kwa kilometa moja. Kwa hiyo drili ikizunguka mara 1400 kwa dakika, mshale usome 60. Kuna za 1000 pia, na ndiyo maana ukifunga mita ya pikipiki nyingine, mshale unacheza salama kabisa ila unasema uongo. Unafunga ya 1000 kwenye pikipiki ya 1400, uko 50 yenyewe inakuandikia 70. Watu wanarudi kwa muuzaji kugomba wakati mita haina kosa.

#17 Msema Pembeni
Hiyo ya 1000 ndiyo ninayoitaka. Abiria aone 70, nauli ipande.

#18 Mama Boxer
Abiria akiona 70 anashuka. Trafiki akiona 70 wewe ndiye unayeshuka.

#19 Vespa ya Malindi, Unguja
Assalaam alaykum. Sie huku Vespa ndiyo baba, na hewa ya chumvi haina huruma. Suala la ukungu acheni nilijibu mie. Maji hayapiti kwenye kioo, watu wanakimezesha kioo silikoni bure. Yanapita chini, kwenye tundu la kebo. Ala ya nje ikipasuka karibu na gurudumu, maji yanaingia, na waya unaozunguka unayapandisha kama ulivyopandisha ile grisi. Nilikuwa na Vespa ambayo kioo nilikifunga mara tatu, ukungu uko pale pale. Nikabadilisha ala ya kebo, ukungu ukahama nyumba.

#20 Saa na Redio, Ngamiani
Inawezekana kwako. Kwangu nyingi zinaingiza maji kwenye kitufe cha kurudisha zile namba ndogo sifuri. Kina mpira mdogo, ukikauka ni dirisha. Halafu vijana wanaosha pikipiki kwa pampu ya presha usoni kabisa.

#21 Mrithi wa XL
Nimefanya kipimo cha drili cha Nduthi. Matokeo yananichanganya. Mshale bado unacheza lakini si kama barabarani. Unapiga kati ya 52 na 60.

#22 Kebo Kwanza
Si nilisema! Sehemu kubwa ilikuwa kebo.

#23 Saa na Redio, Ngamiani
Si nilisema! Bado unacheza bila kebo.

#24 Msema Pembeni
Droo. Tunaenda dakika thelathini za nyongeza.

#25 Mzee wa Jiliwa
Kijana, sasa sikiliza namna ya kufungua, maana nimeona hapo juu maneno mengi na hakuna aliyekupa njia.

Pata bisibisi bapa ndogo kabisa, inoe kidogo kwa tupa iwe na ulimi, ila kona zake uziviringishe zisikate. Laza mita kifudifudi juu ya taulo. Ule mdomo wa ringi uliopindwa kwa nyuma, ingiza ulimi chini yake, uinue kidogo mno, kiasi cha unene wa ukucha. Sogea mbele sentimita nusu, inua tena kiasi hicho hicho. Zunguka duara lote. Ukimaliza duara la kwanza utaona kama hujafanya kitu. Zunguka la pili. Mimi huwa nafika la sita ndiyo ringi inatoka. Anayetaka kuitoa kwa duara moja anaipasua, na ringi ikishapasuka hata ukiirudisha inakaa kama mdomo wa mtu aliyepigwa.

Pale ambapo mdomo haukubali, chuma cha zamani kimekuwa kigumu, usishindane nacho. Acha upande wa chini, inua upande wa juu tu, ringi ichomoke kwa mshazari.

Kurudisha: kata utepe wa tyubu ya baiskeli, ndiyo gasketi yako. Bana ringi chini kwa kipande cha mbao na jiliwa, kisha pinda mdomo kwa plaizi uliyoifunga utepe. Tena kidogo kidogo, pande zinazotazamana, kama unavyokaza nati za gurudumu.

#26 Grenda
Mzee haya mambo ya duara sita ni ya zama za koloni. Mimi napitisha msumeno ringi mara moja, upande wa chini usioonekana, naipanua inatoka. Kurudisha naziba ule mkato kwa gundi ya chuma na rangi nyeusi. Dakika kumi.

#27 Mzee wa Jiliwa
Na mvua ya kwanza inapita kwenye huo mkato.

#28 Grenda
Kwa hiyo za kwako hazipitishi maji?

#29 Mzee wa Jiliwa
Zinapitisha. Lakini zinapendeza.

#30 Kashata Mbili
Nimecheka mpaka jirani kauliza.

#31 Aliyeungua
Mleta mada, nakupa kisa changu ili usipite nilipopita. Nilifungua mita ya Yamaha DT vizuri kabisa, nikasafisha, mshale ukatulia. Kufunga nikatumia ile gundi ya haraka inayonasa vidole. Kesho yake asubuhi kioo cheupe kwa ndani, uso wa mita mweupe, kama umepuliziwa unga. Mvuke wa ile gundi ukifungiwa sehemu ndogo unaganda juu ya kila kitu. Ikabidi nifungue upya, nikafuta kioo kwa thina. Kioo ni plastiki. Kikafanya nyufa ndogondogo kama tope lililokauka. Nikabaki na mita nzima isiyosomeka.

Kwa hiyo gundi ya haraka hapana, thina hapana, petroli hapana. Maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, basi. Mikwaruzo ya nje isugue kwa dawa ya meno nyeupe na pamba.

#32 Saa na Redio, Ngamiani
Aliyeungua kasema kweli tupu. Naongeza: ile silikoni inayonuka siki nayo usifungie ndani. Ile harufu ni asidi, inakula shaba. Nimeona vigia vya shaba vimeota kijani kwa sababu hiyo. Kuna silikoni isiyonuka, ulizia.

Na jambo kubwa kuliko yote, mshale. Usiung'oe kabla ya kuweka alama. Kuna pini ndogo inayouzuia mshale kwenye sifuri. Uinue mshale taratibu kwa kidole uuvushe juu ya pini, uuache ushuke wenyewe mpaka uchoke. Pale unaposimama bila kuzuiwa na kitu, weka alama ya kalamu. Hiyo ndiyo sifuri ya springi. Ukiurudisha utauweka kwenye alama hiyo kwanza, halafu ndiyo unauvusha pini kurudi mahali pake. Ukiuweka moja kwa moja kwenye sifuri iliyoandikwa, mita yako itadanganya maisha yake yote.

Kuung'oa tumia vijiko viwili vya chai, kimoja kila upande, chini yake kipande cha karatasi ngumu ili uso usikwaruzike. Bonyeza vyote kwa pamoja. Ukitumia bisibisi upande mmoja unapinda mhimili, na hapo nitakuona dukani.

#33 BSA ya Babu
Mmenikumbusha. Sisi tuna BSA M20, zile za jeshi la Waingereza za vita ya pili. Mshale wake hautembei, unaruka. Unasoma 20, kimya, halafu ghafla 25, kimya, kisha 30. Nataka kuifungua nami kwa njia ya Mzee wa Jiliwa.

#34 Mwalimu Mstaafu
Usiiguse! Hiyo si mgonjwa. Bila shaka ni Smiths ya aina ya kronometa. Haina sumaku wala kikombe, ndani yake kuna mashine kama ya saa inayohesabu mizunguko ya kebo kwa muda mfupi, inaupeleka mshale panapostahili, halafu inahesabu tena. Ndiyo maana unaruka. Inayoruka hivyo ni nzima. Smiths waliziacha miaka ya 1960 wakahamia za sumaku.

Na kuna la pili. Baadhi ya mita za wakati wa vita zilipakwa rangi yenye radiamu, madini yanayotoa mionzi, ili zisomeke gizani. Rangi hiyo haing'ai tena lakini mionzi yake bado ipo, na vumbi lake si la kuvuta. Kama namba zako zina rangi nene ya kahawia iliyopasukapasuka, ifunike ikae.

#35 BSA ya Babu
Mwalimu, babu alikuwa anaifuta kwa kitambaa alichofutia jasho. Sasa ana miaka tisini na moja na ananishinda kutembea.

#36 Grenda
Mleta mada, ukishafika ndani si urudishe namba hadi 6,000 uuze vizuri? Zile gurudumu za namba zinageuzwa kwa sindano tu.

#37 Mrithi wa XL
Ndugu yangu, umesoma #1?

#38 Mama Boxer
Grenda kaa na msumeno wako. Niliuziwa "kilometa 9,000" hivyo hivyo, pedali ya gia imelika mpaka imekuwa bapa. Mita inadanganywa, mpira wa pedali haudanganyi.

#39 Mrithi wa XL
Wakuu, mrejesho. Nimefungua.

Nilifuata njia ya Mzee, duara saba si sita, siku mbili jioni baada ya kazi. Ringi imepasuka sehemu moja kama mchele, kwingine nzima. Ndani: grisi ya kahawia imefika kwenye sumaku na ukingo mmoja wa kikombe (Kebo Kwanza furahi). Mhimili nimeushika kwa vidole, una mchezo wa pembeni, mdogo lakini upo (Fundi Saa furahi). Springi imegusana mizunguko miwili kwa sababu ya hiyo hiyo grisi. Sumaku ina kutu upande wa chini, kwa hiyo maji yamepita kwenye kebo (Unguja furahi). Na ule mpira wa kitufe haupo kabisa. Haujakauka, haupo.

Uso wa ndani kuna alama ya kidole ya mtu, ya mafuta, juu ya neno "km/h". Kwa hiyo imeshawahi kufunguliwa.

Na daftari nimeliona. Mwaka 1991 kuna safari ya chanjo imeandikwa "kuondoka 99,870", na safari inayofuata "kuondoka 00,034". Mzee kaweka alama ya mshangao mmoja pembeni, basi. Chuma cha Kale alikuwa sahihi, ni 146,812.

#40 Chuma cha Kale
Heshima kwa mzee. Hizo ni zaidi ya mara tatu na nusu kuizunguka dunia, kwa ng'ombe.

#41 Kebo Kwanza
Ushahidi umeonekana. Grisi.

#42 Saa na Redio, Ngamiani
Ushahidi umeonekana. Bushi.

#43 Nduthi ya Kisumu
Nyinyi wawili muoane.

#44 Saa na Redio, Ngamiani
Mrithi, kwa kuwa uko ndani: grisi iondoe kwa kijiti cha pamba na spiriti kidogo, kwenye chuma tu, plastiki usiguse. Kile kispringi kitenganishe kwa ncha ya sindano, mizunguko iachane. Usikivute! Kwenye bushi weka tone moja la mafuta ya cherehani kwa ncha ya waya. Tone moja. Halitaondoa mchezo lakini litautuliza.

#45 Mrithi wa XL
Nimefanya yote. Mshale nimeurudisha kwa alama, unalala kwenye sifuri safi kabisa. Gasketi ya tyubu ya baiskeli, kitufe nimekivalisha oringi ya kiberiti cha gesi. Kwa drili mshale umesimama kwenye 60 kama askari wa gwaride.

Barabarani: mpaka 60 umetulia. Kuanzia 65 unatetemeka kidogo, kama unene wa mshale wenyewe. Nimelinganisha na GPS ya simu, mita ikisema 60 simu inasema 55.

#46 Mhandisi wa Pembeni
Hiyo tofauti ni ya kawaida. Kanuni za watengenezaji zinakataza mita kuonyesha pungufu ya mwendo halisi, kuzidisha kidogo zinaruhusu. Kwa hiyo karibu zote zinazidisha. Na kama tairi la mbele limelika au umeweka dogo kuliko la awali, inazidisha zaidi.

#47 Mwalimu Mstaafu
Pima tena saa saba mchana, jua kali. Alumini ikipata joto inapitisha umeme kwa shida zaidi, mikondo inapungua, mshale unasoma chini kidogo. Watengenezaji wengi huweka kifaa cha kufidia hilo, lakini chako kina umri.

#48 Kebo Kwanza
Mtetemo wa 65 ni gia ya gurudumu la mbele. Ile ringi ya chuma yenye masikio mawili inayoingia kwenye habu, mafundi wa pancha wakirudisha gurudumu bila kulenga masikio yanapinda. Fungua uangalie.

#49 Saa na Redio, Ngamiani
Mtetemo wa 65 ni bushi.

#50 Mrithi wa XL
Wakuu, asubuhi hii nimetoka nje. Ukungu upo. Si kioo kizima kama zamani, nusu ya chini tu. Lakini upo.

#51 Vespa ya Malindi, Unguja
Ala ya kebo. Nilisema.

#52 Mzee wa Jiliwa
Uliifunga siku gani?

#53 Mrithi wa XL
Jumamosi usiku. Mvua ilikuwa inanyesha.

#54 Mzee wa Jiliwa
Basi umefungia humo hewa ya mvua. Fungua, weka juani saa saba mchana, funga hapo hapo ikiwa bado ya moto.

#55 Aliyeungua
Mimi nadhani tatizo ni kinyume. Umeifunga mno. Mita hizi chini huwa na kitundu kidogo cha kupumua, ikipata moto inatoa hewa, ikipoa inavuta. Angalia kama hukukiziba kwa gasketi yako. Kama hakipo, toboa.

#56 Vespa ya Malindi, Unguja
Usitoboe!

#57 Grenda
Toboa. Milimita moja, upande wa chini.

#58 Mzee wa Jiliwa
Duara saba halafu utoboe?

#59 TVS Mpya
Habari wakuu, samahani kuingilia. Yangu ni ya dijitali, kioo kimeanza kuwa cheusi katikati na tarakimu moja inakosa mguu, 8 inaonekana 6. Naifunguaje?

#60 Saa na Redio, Ngamiani
Weusi ni jua, ile karatasi ya juu ya kioo imeungua, hubanduliwa ikawekwa nyingine. Mguu unaokosekana ni ule mpira wa mistarimistari kati ya kioo na bodi, futa kwa spiriti. Ila fungua uzi wako, huku bado hatujamaliza kutoboa.

#61 Mrithi wa XL
Nimeangalia. Kitundu kipo. Nimekiziba mwenyewe kwa tyubu.